Kabla hujanunua nyumba ya kupangisha, ilipie kwanza mwaka mzima

Vijana wengi wa hapa Arusha, hasa waliopata kazi nzuri kwenye utalii, wananiuliza swali moja: dada nina milioni kadhaa benki, zinatosha kununua nyumba ya kupangisha? Mimi kabla ya kuuliza ni milioni ngapi nauliza hivi, umeshakaa mwaka mzima ukiishi kama mtu ambaye tayari anailipia hiyo nyumba? Wengi wanashangaa, lakini nauliza kwa nia njema kabisa, maana hela ya kununua nyumba ni moja na hela ya kukaa na nyumba ni nyingine, na hiyo ya pili ndo inayowatoa watu jasho.

Mimi na mume wangu tulianza hivyo. Tulipiga hesabu tukikopa rejesho litakuwa shilingi ngapi kwa mwezi, afu tukaanza kulilipa kabla hata hatujaenda kuangalia nyumba yoyote. Mshahara ukiingia leo, kesho yake hiyo hela inaondoka inaenda UTT, wale wa serikali wenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi, huko inazaa kidogo na ukiihitaji unaipata ndani ya siku chache za kazi, sio kama iliyokaa kwenye simu ambayo kila ukiona bando limeisha unaichokoa. Januari ikafika na ada za shule, tukalipa. Michango ya harusi, kamati hii na kamati ile, msiba kijijini Machame na lazima twende, bado tukalipa. Aprili na Mei ambapo kwa watu wa utalii hakuna posho wala tipu ya maana, hapo ndo tulibanwa kweli na tukapunguza vitu nyumbani, lakini tukalipa. Ukifanya hivi kwa mwaka unapata vitu viwili kwa mpigo, akiba imekua na umejijua. Na kama unashindwa miezi miwili mfululizo basi umegundua mapema wakati hakuna afisa mikopo anayekupigia simu.

Sasa twende kwenye hesabu, naomba uisome taratibu hata kama hupendi namba. Tuseme umepata nyumba ya milioni 45 ina vyumba vinne vya selfu, kila kimoja kinapangishwa laki moja kwa mwezi. Dalali atakwambia hapo una laki nne kila mwezi, milioni 4.8 kwa mwaka. Sio kweli. Mpangaji akihama chumba kinakaa wazi, kinapakwa rangi, kinasubiri mwingine, kwa hiyo toa mwezi mmoja kila chumba kwa mwaka, imebaki milioni 4.4. Toa asilimia 10 ya TRA kwa ajili ya pango, toa na nyingine kama hiyo ya matengenezo maana koki zitaharibika, simtanki litapasuka, choo kitaziba, hiyo haikwepeki. Unabaki na kama milioni 3.5 kwa mwaka, ambayo kwa mwezi ni laki mbili na tisini hivi. Ukigawanya kwa milioni 45 ni chini ya asilimia 8 kwa mwaka.

Mikopo ya nyumba ya benki zetu riba yake mara nyingi inacheza kati ya asilimia 15 na 19. Kwa hiyo ukikopa milioni 30 kwa asilimia 17, riba peke yake mwaka wa kwanza inakaribia milioni 5, na nyumba inakupa 3.5. Yaani wapangaji wote wamelipa, hakuna aliyekusumbua, na bado kodi yao haijatosha hata riba, deni lenyewe hujaligusa. Mkopo huo kwa miaka mitano rejesho ni zaidi ya laki saba kwa mwezi. Ukikopa milioni 15 tu kwa riba hiyohiyo na miaka hiyohiyo, rejesho ni kama laki tatu na sabini, nyumba inatoa laki mbili na tisini, wewe unaongezea elfu themanini kutoka kwenye mshahara, hiyo unalala usingizi. Ndo maana nasema kwa mazingira yetu mtu wa kawaida ajiandae kuwa na theluthi mbili ya bei mkononi kabla ya kukopa chochote, najua ni kubwa, najua inachukua miaka, ila ukisikia wanaosema weka asilimia 10 au 20 benki imalizie, jiulize wanaongelea nchi yenye riba gani. SACCOS ya kazini iangalie pia, nyingi riba yao iko chini ya benki na wengi wanakukopesha mara mbili au tatu ya akiba yako, kwa hiyo ukianza kuweka akiba leo unajenga na haki ya kukopa kesho.

Na hapa wengine wananibana, kama nyumba inatoa asilimia 8 si bora hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba? Ni swali la msingi kabisa. Hatifungani za muda mrefu miaka ya karibuni zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10, unaanza na milioni 1 tu, na riba inaingia kila baada ya miezi sita bila wewe kuamshwa saa nane usiku kwamba bomba limepasuka. Kama shida yako ni hela ya kila mwaka tu basi nenda huko na usione aibu. Sisi tulitaka nyumba kwa sababu ya thamani ya ardhi, na kwa sababu kodi ya nyumba inapandishwa maisha yakipanda wakati ile hatifungani riba yake inabaki palepale mpaka ikomae. Lakini tuliamua tukiwa tumeshaona pande zote mbili.

Jambo ambalo naliona halisemwi kabisa Arusha ni hili: mshahara wako na mshahara wa mpangaji wako vinatoka wapi? Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii kama milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka hadi laki sita na ishirini elfu hivi. Mimi kazi yangu ni ya utalii. Ile 2020 nilikuwa napokea nusu mshahara, na nikawaona wenye nyumba wa mtaani kwetu, nao watu wa utalii, wapangaji wao madereva wa safari, wapishi wa kambi, wapagazi wa mlima, wote wamekatika siku moja. Mwenye nyumba hana, mpangaji hana, na benki inataka rejesho. Umekata tawi moja umeangusha viota viwili. Ndo maana tulipofika wakati wa kununua sikutaka Njiro wala Sakina ingawa nazipenda, tukaenda Moshi upande wa Longuo karibu na hospitali ya KCMC. Pale mpangaji ni muuguzi, ni mwanafunzi wa udaktari, ni mtu wa maabara, wagonjwa hawana msimu. Kama mshahara wako ni wa serikali au wa shule, basi wewe unaweza kuchukua wapangaji wa utalii bila hofu sana. Na siku hizi madalali wanaimba AFCON 2027 na uwanja mpya wa Olmoti, mashindano yenyewe yanachezwa wiki chache tu, bei uliyonunulia utakaa nayo miaka.

Gharama za kuhamisha umiliki nazo ni mfuko wake, usizichanganye na bei. Kuna mwanasheria, mthamini, ushuru wa stempu, ada ya kusajili, na kuna ile kodi ya TRA kwenye faida ya muuzaji, asilimia 10, ambayo ni yake kisheria ila wauzaji wengi wanajaribu kukusukumia wewe, na isipolipwa jina halibadiliki. Liandikwe kwenye mkataba nani analipa nini. Uliza deni la kodi ya ardhi, uliza deni la maji, washa LUKU uone, kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humo. Fanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi kwa hela yako mwenyewe, usipokee karatasi aliyokuja nayo dalali. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unasaidia kumjua muuzaji ila hauhamishi hati. Na mke au mume wa muuzaji lazima aridhie kwa maandishi. Kwa Moshi ongeza hili, ukiambiwa kiwanja ni kihamba, yaani ardhi ya ukoo ya Wachagga, simama hapohapo, ukoo una ndugu Dar, Mwanza na hata Ulaya, mmoja tu asiporidhia hela yako imekwama kwenye kesi.

Halafu acha mikopo ya simu, nakuomba. Unaiona ya elfu thelathini ni kitu kidogo, lakini taarifa za mikopo zinakusanywa, kuna kampuni zenye leseni ya Benki Kuu kazi yao ni hiyo, na siku unaomba mkopo wa nyumba ule wa elfu thelathini uliouacha ukachelewa unaweza kukutangulia. Lipa, maliza, upumzike nao mwaka mzima.

Baada ya kununua lazima ubaki na kitu. Sisi tuliweka kiwango kwamba tukimaliza kulipa kila kitu akaunti ibaki na marejesho ya miezi sita, na nyumba nzuri mbili tulizipita kwa sababu zingetuacha mikono mitupu. Iliniuma, moja ilikuwa na parachichi na uzio wa michongoma, lakini kiwango ni kiwango.

Kuangalia nyumba nenda masika, Aprili, sio Desemba. Desemba Moshi imejaa watu waliorudi na hela, bei inapanda na kila mtu ana haraka. Aprili utaona barabara inapitika au la, paa linavuja wapi, maji ya mtaro yanaelekea wapi, na muuzaji ana muda wa kukaa kuongea bei. Ongea na wapangaji uliowakuta humo bila dalali kuwepo, waulize wanalipa ngapi na wakuonyeshe risiti au meseji za malipo, hiyo ndo kodi ya kuweka kwenye hesabu yako. Kwa upande wa Arusha uliza pia maji yanatoka wapi, maana visima vingi huku vina floraidi nyingi na mpangaji mwenye watoto wadogo analijua hilo kuliko wewe.