Siku maji matupu yalipopatikana na virusi

Swali lenu la wiki hii, "ukisikia kirusi kipya kimehusishwa na ugonjwa, unaamini saa hiyo ama unangoja?" Mimi nangoja, na si ati najua sana, ni vile nafanya kazi labu hapa Nairobi na nishawahi kuona maji yakigonjeka.

Iko hivi, tukipima PCR, kile kipimo cha kutafuta jeni za kirusi, lazima tuweke kichupa kimoja cha maji matupu, hakuna damu hakuna nini, hicho kikionyesha kitu ujue uchafu ni wako. Jioni moja nishavua koti nawazia matatu ya Rongai, kucheki skrini naona laini ya maji inapanda pamoja na za wagonjwa wote. Pipeti, hicho kifaa cha kunyonya sampuli, ilibeba mabaki ya asubuhi. Tukatupa kila kitu, tukapangusa meza na jiki, nikafika nyumbani saa nne usiku.

Ndio maana nikisoma stori ya XMRV sicheki mtu. Hiyo ni retrovirusi, ukoo mmoja na HIV lakini asili yake panya, Wamarekani waliiripoti 2006 kwa saratani ya tezi dume. 2009 wenzao wa Nevada wakaandika kwenye jarida la Science kwamba wameipata kwa wagonjwa 68 kati ya 101 wa ugonjwa wa uchovu sugu, na kwa wazima 8 tu kati ya 218. Sasa wewe umelala miaka watu wakikuita mvivu halafu unaambiwa mdudu wako huyu hapa, utakosa kuamini? Wengine walianza kumeza ARV, na Msalaba Mwekundu wa Marekani ukakataa damu ya wenye huo uchovu.

Labu zingine kupima, hakuna kitu. 2011 ikajulikana kwamba miaka ya 90 uvimbe wa mgonjwa mmoja ulipandikizwa ndani ya panya, virusi viwili vya panya vikachanganyika humo kikatoka kipya, na seli za huo uvimbe zikagawiwa malabu nacho kikapanda gari bure. Yaani kirusi kilikuwepo kweli, ila kwao ni labu, si kwa wagonjwa. Science wakafuta ile makala Desemba 2011, na 2012 wakapimwa wagonjwa 147, wapimaji wenyewe hawajui sampuli ni ya nani, hakuna. Ugonjwa wao lakini uko, hiyo haikufutwa.

Juzi shangazi amenitumia forwadi ya kirusi kingine ati kinaleta kisukari. Nikamuuliza, shangazi, na maji yao yalisema aje? Akajibu maji gani, huku Kayole yamekatika tangu Jumatatu.