Je, kamera ya kompyuta inatosha kupima mwendo wa macho?

Swali: Narekodi macho ya mtu kwa kamera ya kompyuta, fremu 30 kwa sekunde, kisha programu inatafuta mboni katika kila fremu. Nataka kasi ya jicho linaporuka kutoka nukta moja hadi nyingine, lakini namba zinayumba mno. Tatizo ni programu?

Jibu: Sidhani. Kabla hujaigusa programu, simamisha video, kuza picha, uhesabu pikseli zilizopo kati ya kingo mbili za lile duara la rangi linaloizunguka mboni. Duara hilo lina upana wa milimita 12 hivi. Ukipata pikseli 12, kila pikseli ni milimita 1. Na jicho likizunguka digrii 1, mboni husogea kama milimita 0.2 tu. Yaani pikseli moja imemeza takriban digrii 5! Picha ikichezacheza kidogo, programu inaamini jicho limehama. Sogeza kamera au badili lenzi mpaka duara lichukue pikseli 100 au zaidi.

Kasi ni ngumu zaidi. Mruko mfupi wa jicho huisha kwa milisekunde 30 hivi, na fremu zako zimeachana kwa milisekunde 33. Mruko mzima unapita katikati, na hakuna hesabu ya kurudisha kisichorekodiwa. Kujua mtu anatazama wapi, fremu 30 zinafaa. Kwa kasi, anzia fremu 250.

Tumia taa ya infraredi, hasa kwa macho meusi: duara hung'aa, mboni hubaki nyeusi tii. Taa hiyo huacha pia nukta ya mng'ao kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Kichwa kikisogea kidogo, mng'ao na mboni huhama pamoja. Jicho likizunguka, mboni huuacha mng'ao nyuma. Basi pima umbali kati ya hivyo viwili. Tafadhali, usizidishe nguvu ya taa: jicho haliuoni mwanga huo, kwa hiyo halitafumba kujikinga. Kwa kipimo cha muda mrefu, mwanga unaofika jichoni usizidi miliwati 10 kwa sentimita ya mraba.

Mwangaza wa skrini usibadilike katikati ya kipimo. Mboni ikitanuka au kusinyaa, kitovu chake huhama kidogo hata jicho likiwa limetulia, na programu itakuandikia mwendo ambao haukuwepo.