Karani Mstaafu Anajibu: Diwani na mkurugenzi, nani mkubwa?

*Shikamoo mzee karani. Mbele ya nyumba yetu kuna mtaro uliobomoka tangu masika ya mwaka juzi. Mfuniko mmoja wa zege umezama na mtoto wa jirani alitumbukia akavunjika mkono. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akanipeleka kwa mtendaji wa kata. Mtendaji akasema suala liko kwa diwani. Diwani naye anasema "nalifuatilia kwa mkurugenzi". Diwani tulimpigia kura, mkurugenzi hatukumpigia. Imekuwaje wa kwetu ndiye anakwenda kuomba kwa asiye wa kwetu? – Mama wa watoto watatu, Kanda ya Ziwa*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mtoto. Hilo neno "nalifuatilia" limenirudisha ofisini. Kuanzia 1978 mpaka nilipostaafu 2009 kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao vya halmashauri. Kila muhtasari una sehemu ya yatokanayo, yaani yaliyoagizwa kikao kilichopita na yamefikia wapi. Kwenye safu ya utekelezaji mkono wangu ulizoea kuandika "suala linaendelea kufanyiwa kazi" hata kabla mkuu wa idara hajafungua mdomo. Kuna daraja moja la mbao nililiandikia maneno hayo vikao kumi na moja mfululizo. Baraza hukaa kila robo mwaka, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Sasa swali lako. Halmashauri ya mji, manispaa au jiji ina Baraza la Madiwani. Humo wamo madiwani wa kata waliochaguliwa, madiwani wanawake wa viti maalum, na mbunge wa jimbo. Wao kwa wao wanamchagua meya (kwenye halmashauri ya mji huitwa mwenyekiti), ambaye hukaa miaka mitano, na naibu wake ambaye uchaguzi wake hurudiwa kila mwaka. Baraza linapitisha bajeti na kutunga sheria ndogo. Chini yake zipo kamati za kudumu, na yenye meno kuliko zote ni ya fedha, inayokaa kila mwezi chini ya meya.

Ukiingia ukumbini siku ya Baraza utamwona meya katikati na joho lake na mkufu, na pembeni yake mkurugenzi, mtendaji mkuu wa halmashauri, na makabrasha. Mgeni atasema mkubwa ni mwenye joho. Mimi nilikaa meza ya pembeni miaka yote hiyo, macho yangu yalikuwa kwenye kabrasha. Anayeliandaa ni ofisi ya mkurugenzi, kwa kuwa mkurugenzi ndiye katibu wa Baraza. Taratibu zinataka lifike kwa diwani siku kadhaa kabla, lakini nimeshuhudia makabrasha ya bajeti yakigawiwa asubuhi ya kikao yakiwa bado yana joto la mashine ya kudurufu, kurasa mia tatu na ushee, na saa nane mchana bajeti imepita. Diwani mmoja, mzee mfanyabiashara wa samaki, aliwahi kusimama akasema yeye hata sangara wa kilo mbili hamnunui bila kumfungua mashavu, iweje anunue kitabu hiki kikiwa kimefungwa. Ukumbi ulicheka, na bajeti ikapita vilevile.

Na mkurugenzi anateuliwa na Rais. Baraza linaweza kumhoji, kumsema, hata kumwandikia azimio kali, lakini waliomleta wako juu. Sheria ndogo nayo haiwi sheria mpaka waziri mwenye dhamana aidhinishe. Na sehemu kubwa ya fedha, kuanzia mishahara ya walimu na wauguzi, ni ruzuku kutoka Hazina.

Kwa nini ikawa hivyo? Hapa niwie radhi mwanangu, nitarudi nyuma kidogo.

Miji yetu haikuanza na wananchi. Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa 1949 chini ya Mwingereza, na kwa muda mrefu waliokaa kwenye viti vya baraza lake walikuwa Wazungu na Wahindi kuliko wenyeji wa Kariakoo na Ilala, ambao ndio waliokuwa wengi. Meya wa kwanza Mwafrika alipatikana 1960, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi yule ambaye uwanja wa mpira wa Arusha unaitwa kwa jina lake. Nampenda kwa sababu nadhani ndiye meya pekee aliyeweza kufunga hoja kwa vina. Mwaka uliofuata, Desemba 1961, mji ukawa jiji. Vijijini nako machifu, ambao Mwingereza alitawala kupitia wao tangu miaka ya 1920, waliondolewa kisheria 1963 na nafasi yao ikashikwa na halmashauri za wilaya za kuchaguliwa.

Halmashauri hizo hazikufikisha hata miaka kumi. Kwanza zilinyang'anywa kodi, 1969, na mamlaka isiyo na kodi ni kama shoka lisilo na mpini. Halafu 1972 ukaja mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, ulioandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Jina zuri, lakini kilichohamia mikoani ni maofisa wa Serikali Kuu. Halmashauri za wilaya zikafutwa na za miji zikafuata. Wilaya ikapewa Mkurugenzi wa Maendeleo, na mkoa nao ukapewa wa kwake. Cheo cha mkurugenzi kilipata mizizi kipindi hicho ambacho diwani hakuwepo. Ndiyo maana nasema usishangae kumwona mkurugenzi amekaa kama mwenye nyumba na diwani kama mpangaji. Mmoja alikuwa ndani wakati mwenzake amefungiwa nje.

Miji ikaoza. Taka hazikuzolewa, mitaro ikaziba, na 1977 kipindupindu kikalipuka. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya muda ya kurudisha halmashauri za miji, na mimi nikaajiriwa nikiwa na miaka 29. Ofisi tuliyokabidhiwa ilikuwa chumba kimoja chenye makabati mawili ya chuma, moja halina ufunguo. Tulipolivunja tukakuta daftari la ushuru wa soko la zamani limeliwa na mchwa kutoka Januari hadi Juni. Mafaili mengine yalishapelekwa mkoani na hayakurudi. Tulianza mji upya kwa nusu daftari!

Vijijini walisubiri zaidi. Sheria za serikali za mitaa zilitungwa 1982, namba 7 ya wilaya, namba 8 ya miji na namba 9 ya fedha, na halmashauri zikarudi kazini 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani, alipohojiwa, kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Viongozi wanaosema hivyo wakiwa bado madarakani ni wa kuhesabu.

Katiba nayo ikaingiziwa ibara ya 145 na 146. Hiyo ya pili inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Litazame hilo "kupeleka". Kinachopelekwa kina anakotoka na kina mpelekaji, na mpelekaji anaweza kuchelewa njiani. Mimi ningeandika "kurudisha", ila mimi nilikuwa karani tu.

Kuhusu mtaro wenyewe. Tangu 2017 barabara zilizokuwa za halmashauri ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, na mtaro wa kando ya barabara huenda pamoja na barabara yake. Kwa hiyo diwani wako anadaiwa kitu ambacho hata mkurugenzi hana mkononi. Usikubali majibu ya mdomo. Hakikisha suala limeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa, na humo mtajwe mtoto aliyeumia na tarehe. Dai lipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu lifike halmashauri kabla bajeti haijafungwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini ukifika Machi umechelewa. Kisha uende Baraza ukakae. Vikao vyake viko wazi kwa wananchi, viti vya nyuma huwa vitupu, na diwani anayeona watu wa mtaa wake wameketi nyuma huuliza swali kwa sauti nyingine kabisa.

*Mzee, mimi naishi Kinondoni. Barua zangu siku zote naandika "Jiji la Dar es Salaam". Kijana mmoja wa benki ananiambia Kinondoni si jiji. Hapa mjini nimezaliwa na sijawahi kuhama. Nimetolewa jijini lini? – Mzaliwa wa Mwananyamala*

Kijana wa benki yuko sahihi, ingawa ningemshauri akuambie taratibu.

Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa kwa kushindwa kazi, ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Waliokuwepo wanakumbuka vibanda vilivyobomolewa na taka zilizoanza kuzolewa na wakandarasi binafsi. Mwaka 2000 tume ikaondoka, zikaja manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji. Baadaye Ubungo ikamegwa kutoka kwako Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke.

Hilo jiji la juu lilikuwa kitu cha ajabu. Halikuwa na kata hata moja ya peke yake, maana kila kata ilikuwa ya manispaa fulani, na madiwani wake walitoka kwenye mabaraza ya manispaa. Meya wa jiji alipokea wageni wa nje na kusimamia mambo yanayovuka mipaka, kama dampo la Pugu na stendi ya mabasi ya mikoani. Lakini ukimuuliza mtaa wake ni upi, hana. Februari 2021 Rais Magufuli akalivunja, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Tangu hapo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile ya Ilala. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa ndani ya Mkoa wa Dar es Salaam.

Wewe basi andika "Manispaa ya Kinondoni, Dar es Salaam". Hukuhama, jiji ndilo limehama likakuacha. Maoni yangu, kwa kuwa umeniuliza mimi na si wizara: kuvunja kile chombo sikukulilia, ila mafuriko ya Msimbazi hayajui mpaka wa Ilala na Kinondoni, na mkusanyiko wa watu wengi kiasi hiki unahitaji meza moja ambayo halmashauri zote tano zinakaa. Majina mengine ya jiji Tanzania Bara ni Dodoma, iliyopandishwa Aprili 26, 2018, pamoja na Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga.

*Nimenunua kiwanja shilingi milioni nane, hakijapimwa, pembeni ya mji. Ofisi ya mtaa wanataka asilimia kumi ndipo wagonge mhuri. Kaka yangu kijijini hakulipa hivyo. Ni sheria? – Mnunuzi mpya, Morogoro*

Si sheria. Laki nane kwa ajili ya mhuri! Hakuna kifungu kinachompa mwenyekiti wa mtaa asilimia ya mauzo ya ardhi ya mtu. Yeye ni shahidi kwamba muuzaji anafahamika pale na majirani hawana mgogoro naye.

Kijijini mambo ni tofauti, na hapa watu wengi huchanganya. Kijiji kilichosajiliwa ni mamlaka kamili: kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, kutunga sheria ndogo, na halmashauri yake ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji. Mtaa hauna hayo. Ni kitengo tu ndani ya halmashauri ya mji, una mwenyekiti wa kuchaguliwa, kamati yake, na mtendaji aliyeajiriwa. Mji unapopanuka na kumeza kijiji, mwenyekiti hulala akiwa na mamlaka juu ya ardhi na kuamka akiwa hana, ila mhuri unabaki mezani. Nadhani asilimia kumi ilizaliwa kwenye mwanya huo, ikasaidiwa na ukweli kwamba wenyeviti hawana mshahara.

Ukiombwa tena, omba stakabadhi ya halmashauri yenye namba ya malipo ya Serikali. Mara nyingi hapo bei hushuka yenyewe. Mkataba uandikiwe kwa wakili, mashahidi wawili kila upande. Kodi ya ongezeko la mtaji ipo, lakini ni ya muuzaji na inakwenda TRA, Mamlaka ya Mapato.

*Kwa nini nikinunua umeme nakatwa kodi ya majengo wakati mimi ni mpangaji? – Wa chumba na sebule*

Zamani kodi hiyo ilikusanywa na halmashauri, na ndiyo ilikuwa fedha yake ya uhakika. Mwaka 2016 ikahamishiwa TRA, na Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida wakati huo. Mdaiwa kisheria ni mwenye nyumba. Mita haijui nani ni nani, inamkata anayenunua. Tunza zile meseji za tokeni, zijumlishe, na siku ya kulipa kodi ya pango mpe mwenye nyumba hesabu yake pamoja na fedha iliyobaki. Wangu mimi alinuna wiki mbili, lakini alikubali.