Maswali na Majibu: Cab Calloway, Bendi na Sinema

Nilimwona Cab Calloway katika filamu ya The Blues Brothers, mzee aliyeimba akiwa amevaa koti jeupe. Kabla ya hapo alikuwa nani?

Alikuwa mwimbaji na kiongozi wa bendi ya jazi. Alizaliwa Rochester, jimbo la New York, tarehe 25 Desemba 1907, akakulia Baltimore. Baba yake alikuwa mwanasheria, na wazazi walitaka kijana naye ashike kazi hiyo. Lakini dada yake Blanche, ambaye baadaye aliongoza bendi yake mwenyewe ya wanaume pekee, alikuwa amekwisha kumtangulia jukwaani, naye akamfuata Chicago na hatimaye akaziacha sheria. Mwaka 1931 bendi yake ilishika nafasi ya ile ya mpiga piano Duke Ellington katika Cotton Club, Harlem, ukumbi ambao wapigaji na wachezaji wake walikuwa Weusi ilhali wateja walikuwa Wazungu. Mwaka huohuo alirekodi Minnie the Moocher, wimbo wenye kiitikio cha “hi-de-ho” ambacho hadhira humrudishia mwimbaji, na redio ikamsambaza Marekani nzima.

Ni kweli kwamba alionekana katika katuni?

Ni kweli, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake bora ya sinema. Studio ya Fleischer ilimtumia katika katuni 3 za Betty Boop, msichana wa kuchorwa: Minnie the Moocher (1932), kisha Snow-White na The Old Man of the Mountain (zote za 1933). Max Fleischer alikuwa amebuni rotoskopu, kifaa kinachomulika filamu picha moja baada ya nyingine kwenye kioo ili mchoraji afuatishe umbo la mtu aliyepigwa picha. Katuni ya kwanza inaanza na Calloway mwenyewe mbele ya bendi yake, akicheza taratibu, magoti yamelegea, mikono ikielea. Baadaye, ndani ya pango, unatokea mzimu wa mnyama wa baharini mwenye meno marefu, na mwendo wake ni uleule, hata ile hatua ya kuteleza ambapo miguu inaonekana kwenda mbele na mwili unarudi nyuma. Sauti yake ingeweza kubaki katika santuri, lakini mwili wake, ambao ndio uliokuwa ukiiongoza bendi, ulihitaji filamu, na wachoraji hao walilielewa jambo hilo mapema kuliko waongozaji wengi wa Hollywood.

Hollywood ilimpa nafasi gani?

Nafasi finyu. Katika The Big Broadcast (1932) na International House (1933) kazi yake ilikuwa kutumbuiza na bendi, basi. Katika miaka hiyo watengenezaji walizoea kuwaweka wanamuziki Weusi katika vipande vilivyojitenga na hadithi, ili kumbi za sinema za majimbo ya Kusini ziweze kuvikata bila kuharibu filamu; ulikuwa ubaguzi uliopangwa tangu kwenye muswada, na ulitunyima mengi. Stormy Weather (1943), yenye waigizaji Weusi pamoja na Lena Horne na Bill Robinson, ilimpa uwanja mpana zaidi: anaimba Jumpin' Jive, kisha wacheza dansi wawili, ndugu waitwao Nicholas Brothers, wanaruka katikati ya wapigaji na kushuka ngazi kwa kurukiana vichwani, kila mara wakitua wamepasua msamba.

Alikuwa mwanamuziki au mtumbuizaji tu?

Wapigaji mashuhuri wa jazi Dizzy Gillespie, Chu Berry, Cozy Cole na Milt Hinton wote walipita katika bendi yake. Wapigaji wa kiwango hicho hawakusanywi na mtumbuizaji asiyeujua muziki.

Enzi ya bendi kubwa ilipokwisha, aliishije?

Aliivunja bendi yake kubwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na katika miaka ya 1950 akaigiza jukwaani kama mhusika Sportin' Life katika opera ya Porgy and Bess, nafasi iliyomfaa mno. Katika The Cincinnati Kid (1965), pamoja na Steve McQueen, alicheza mkamari aitwaye Yeller, mtu wa kawaida ndani ya hadithi, bila bendi nyuma yake. The Blues Brothers ilipotoka mwaka 1980 alikuwa amepita miaka 70, na ikamtambulisha kwa kizazi ambacho hakikuwahi kumsikia. Alifariki tarehe 18 Novemba 1994.

Nianze kutazama ipi?

Katuni ya 1932, kisha Stormy Weather. Katika hiyo ya kwanza, tazama miguu yake kabla Betty Boop hajatokea.