Jibu: Dogo ana miaka 17, "wakala" anataka hela ya majaribio Ulaya

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, mdogo wako ni kiungo mkabaji, ana miaka 17, na kuna jamaa anataka mtangulie hela ili ampeleke majaribio Ubelgiji.

Anza na umri. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, mfano wazazi wamehama kwa mambo yasiyo ya mpira. Kwa hiyo mkataba anaokuahidi sasa hivi haupo.

Pili, mtafute jamaa kwenye orodha ya mawakala wenye leseni, iko wazi kwenye tovuti ya FIFA. Sisi hatukuangalia. Mpwa wangu alilipiwa na babake, barua ya mwaliko ikaja na nembo ya klabu, tukapiga simu klabuni kwenyewe: hawamjui. Hela haikurudi. Piga simu hiyo KABLA ya kulipa, na namba uitoe kwenye tovuti ya klabu, usichukue ya kwenye barua!

Mtazame Novatus Miroshi, mchezaji wa Taifa Stars. Alitokea Azam, akaenda Israel, ndipo akafika Zulte Waregem ya Ubelgiji, kisha Shakhtar ya Ukraine kwa mkopo. Dogo asajiliwe kwanza hapa, cheti cha kuzaliwa kilingane na pasipoti, na acheze dakika nyingi zinazorekodiwa video. Kiungo mkabaji hana magoli ya kumtangaza, video ndiyo itamsemea.

Viza sikuzishughulikia mimi, waliowahi watakujibu.