Kuhamisha Volkswagen ya Zamani Kutoka Volti 6 Hadi Volti 12

Volkswagen Beetle nyingi zilizoundwa kabla ya modeli ya mwaka 1967 zina umeme wa volti 6, na anayeendesha gari la namna hiyo usiku katika barabara isiyo na taa hachukui muda kutamani volti 12. Mimi nina la mwaka 1963, nimelihamisha, na sijutii. Hata hivyo ninamsihi kila mwenye nia hiyo asinunue kifaa chochote kabla ya kukagua waya na ethi, yaani maungio yanayorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari. Balbu ya wati 45 huvuta ampea 7.5 katika volti 6, lakini katika volti 12 huvuta ampea 3.75 tu, kwa hiyo kutu kidogo kwenye maungio, ambayo mfumo wa volti 12 ungeivumilia, hula sehemu kubwa ya nguvu ya volti 6. Safisha mpaka chuma king'ae pale ethi ya betri inapofungwa kwenye bodi na pale utepe wa ethi unaposhika gia boksi, kisha uwashe taa upya. Huenda ukaridhika ukaishia hapo. Kwani hata Beetle iliyoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1962 ni ya enzi hiyo hiyo ya volti 6.

Ukiamua kuhama, waya zenyewe hubaki ikiwa ni nzima, kwa sababu ziliwekwa nene ili zibebe mkondo ambao sasa utapungua takribani kwa nusu. Swichi, plagi, pamoja na platini na kondensa za mfumo wa cheche, pia hubaki. Betri, dinamo na kata-auti yake (kidhibiti cha uchaji), koili ya cheche, flasha ya indiketa na balbu zote, hata zile ndogo za dashibodi, ni lazima zibadilishwe, na yote yafanyike kwa mara moja. Wengi husahau kabureta: ikiwa ina choki ya umeme au vali ndogo ya umeme inayofunga petroli injini inapozimwa, navyo viwe vya volti 12.

Mota ya wipa ndiyo inayosumbua, kwa kuwa ya volti 12 inayoingia katika gari la umri huo ni adimu. Kuishushia mota ya zamani volti kwa rizista ya kawaida (kizuia mkondo) hakufai sana, kwa maana wipa zikisugua kioo kikavu mkondo huongezeka, na rizista hushusha volti zaidi wakati mota inapohitaji nguvu. Mimi nilifunga kipunguza volti cha kielektroniki chenye uwezo wa kubeba mkondo wa mota hiyo.

Stata ya volti 6 niliiacha ilivyo. Flaiwili (gurudumu zito la meno linalozungushwa na stata) ya zamani ina meno 109 na ile ya volti 12 ina meno 130, tena ni pana zaidi, hivyo kuibadilisha hudai gia boksi isagwe kwa ndani. Stata ya zamani huzunguka kwa kasi ikipewa volti 12 na hudumu, mradi injini iwake upesi. Usiishikilie kwa muda mrefu.

Kabla ya kununua dinamo, pima unene wake. Nyingi za volti 6 zina kipenyo cha milimita 90, ilhali za volti 12 zilizozoeleka zina milimita 105 na hazikai kwenye kiti kile kile cha dinamo juu ya injini.

La mwisho ni betri, na hapa sitaki mtu afanye mzaha. Katika Beetle hukaa chini ya kiti cha nyuma, na ikiwa ndefu kupita kiasi, springi za kiti hugusa vichwa vyake abiria anapoketi, cheche zikaruka na kiti kikashika moto. Chagua betri fupi, ifunge isicheze, na uifunike kwa kifuniko kisichopitisha umeme. Kisha washa injini, ongeza mwendo kidogo, na upime kwenye betri: usomaji wa kati ya volti 13.5 na 14.5 unaonyesha kwamba dinamo inachaji ipasavyo.