Kwa nini kinga ya mwili huchelewa kuvigundua virusi vya HPV

Swali: Mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Ujiji. Nilipimwa mlango wa kizazi kwa siki, nikakutwa na mabadiliko ya awali ya seli yanayoweza kugeuka saratani, nikatibiwa siku ileile. Niliambiwa chanzo ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Kama mwili una kinga, mbona virusi hivyo vilikaa ndani yangu bila hata homa? Je, chanjo ya HPV inayotolewa shuleni itamfaa binti yangu wa miaka 12, na mimi nichanjwe ili nipone kabisa?

Jibu: Mama, pole kwa hofu uliyoipata, na hongera kwa kwenda kupimwa ukiwa mzima. Wapo wanaosafiri kwa boti kutoka vijiji vya kando ya ziwa na kutufikia wakiwa tayari wanatokwa damu, na hapo kazi huwa nzito mno.

Kinga ya mwili huamshwa na madhara. Virusi vya mafua huua seli, mwili ukashtuka, homa ikapanda. HPV haifanyi hivyo. Hupenya kwenye mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, ikakaa katika seli za tabaka la chini kabisa, kisha ikazaliana polepole kadiri seli hizo zinavyopanda juu, hata virusi vipya vikatoka pamoja na seli kuukuu ambazo zingepukutika zenyewe. Haisambai kwa njia ya damu wala haisababishi uvimbe wa kuwashtua askari wa mwili. Hata hivyo, kwa wanawake wengi mwili huishinda ndani ya miaka 2 hivi.

Hatari iko kwa wale ambao virusi vinang'ang'ania, hasa aina ya 16 na ya 18, zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Virusi hivyo hutengeneza protini mbili, E6 na E7. E6 huiangamiza protini ya mwili iitwayo p53, mlinzi anayeiamuru seli iliyoharibika ijirekebishe au ife. E7 huifunga protini nyingine, Rb, ambayo ndiyo breki ya kugawanyika kwa seli. Seli isiyo na mlinzi wala breki huendelea kugawanyika na kukusanya makosa, lakini kwa mwenye kinga imara huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa anayeishi na VVU bila dawa, muda huo hupungua hadi miaka 5 au 10, na ndiyo maana hushauriwa kuanza kupimwa mapema zaidi.

Ndani ya muda huo mrefu ndipo siki inapofanya kazi. Mhudumu hupaka pamba yenye siki, husubiri kama dakika moja, na penye seli zilizobadilika huonekana baka jeupe kama ukoko wa maziwa, ambalo huondolewa kwa joto au kwa baridi kali.

Kwako wewe chanjo haitaponya maambukizi yaliyokwisha kuingia, kwa sababu huandaa kingamwili, yaani protini za ulinzi, za kukinasa kirusi kabla hakijapenya kwenye seli. Kwa binti yako ndio wakati wake hasa. Chanjo hiyo imetengenezwa kwa maganda matupu ya kirusi yasiyo na vinasaba, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza, na kingamwili inazoamsha ni nyingi kuliko zile za maambukizi yenyewe. Mpeleke achanjwe, nawe urudi kupimwa baada ya mwaka 1. Ukiona damu baada ya tendo la ndoa, njoo mara moja.